Ndoo ya Mama Neema

Ndoo yenyewe ni nyeupe, ya lita 10, na kabla haijaingia katika maisha yangu ilikuwa na kazi ya heshima ya kubebea rangi ya ukuta. Mpaka leo ukiipindua utaona kitakoni michirizi ya krimu ambayo haijatoka kwa sabuni wala kwa mchanga. Mfuniko wake ni wa bluu, na si wake. Ninaieleza kwa kirefu kwa sababu ilikaa jikoni kwangu wiki tano ikinitazama, na kitu kikikutazama wiki tano lazima ukijue sura.

Ni mali ya Mama Neema, jirani yetu wa ukuta mmoja hapa Tabata. Mwezi wa kumi yeye na mumewe walikwenda kwao Kyela, wakarudi na mchele. Wa Kyela hasa, ule ambao ukiuinjika jirani wa nyumba ya tatu anakumbuka ghafla kwamba ana neno la kuja kukuuliza. Jioni ya siku waliyorudi, binti yao akasimama mlangoni kwetu na ndoo kichwani. "Shikamooni. Mama amesema muonje."

Kuonja, kilo nane. Mimi kwa ujinga wangu nikafurahi. Nilikula wali ule siku tisa mfululizo, kwa maharage, kwa mchicha, kwa samaki, na mara moja usiku wa manane, mkavu, kwa mkono, nimesimama gizani. Hakuna aliyeniambia kwamba ninakula mkopo.

Mchele ulipokwisha, mke wangu aliiosha ndoo, akaianika juani, akaipandisha juu ya kabati la vyombo. Zikapita siku tatu.

"Mbona hujamrudishia mwenyewe?" nikauliza.

Akanitazama kama mtu aliyesikia tusi kanisani. "Irudi tupu?"

Sheria hii unaijua, msomaji, kama ulilelewa na mama. Chombo cha mtu hakirudi kitupu. Haimo katika katiba yoyote, lakini sijapata kuona kifungu cha katiba kinachoheshimiwa kiasi hicho. Marehemu mama yangu kule Bagamoyo, siku akiwa hana kitu kabisa, alikuwa anatia japo vitumbua viwili kwenye bakuli la watu, na kama unga wa vitumbua haupo, chumvi. Sikuipinga sheria. Nilichotaka ni kuitekeleza kwa gharama nafuu. Nikatoa noti ya elfu kumi, nikasema aende Buguruni akanunue maembe, aijaze, yaishe.

"Mama Neema anakwenda Buguruni kila Jumamosi. Mtu kakuletea Kyela, wewe unamrudishia Buguruni?"

Nikasema tuweke sukari. Akasema sukari ni ya kupeleka msibani. Nikasema unga. Hakujibu. Nikasema basi apike maandazi, maana maandazi yake yana sifa mpaka Segerea. Akasema maandazi ni ya bakuli, hii ni ndoo. Kumbe kila chombo kina kiwango chake cha kubadilishia, na miaka 27 ya ndoa sijawahi kuonyeshwa jedwali.

Wiki zikaenda. Mke wangu akaanza kuzungukia njia ya nyuma, karibu na mtaro, ili asikutane na Mama Neema uso kwa uso. Mama Neema naye, mwanamke mwungwana, akawa anajifanya hana ndoo. Hakuiulizia hata mara moja. Huo ndio ukatili wenyewe.

Kisha usiku mmoja mwanzoni mwa Desemba, taa imezimwa, nikasikia sauti laini ambayo sijaisikia tangu mwaka tuliozaa mtoto wa mwisho.

"Baba Rehema."

"Naam."

"Sisi hatujawahi kukaa fungate."

Mwanamume mwenye akili angewasha taa akaangalia juu ya kabati. Mimi nikayeyuka. Nikauliza angependa twende wapi, na kichwani tayari nimeshafika Unguja, nimekaa Forodhani usiku na bakuli la urojo mkononi, glasi ya maji ya miwa iko pembeni.

"Lushoto," akasema. "Plamsi zimeiva."

Mke wangu ni Msambaa wa Soni, na Soni ana shangazi. Sijasoma vitabu vyote vya mapenzi vilivyoandikwa, lakini nina hakika hakuna fungate lililopangwa likawa na shangazi na ndoo kwa pamoja.

Tukafunga mizigo. Wangu ulikuwa mkoba mmoja: mashati mawili, suruali ya akiba, dawa za presha, na sweta nililoazima kwa Baba Neema, kwa kuwa mimi ni mtu wa pwani na baridi ninayoijua ni ile ya kufungua friji. Mkoba wa mke wangu ulikuwa mikoba mitatu. Nazi kumi. Sukari kilo tano. Doti mbili za kanga. Sabuni za mche. Na papa mkavu kutoka Feri, amefungwa kwa magazeti matatu na mfuko wa nailoni, na bado akawa anajitambulisha kwa kila aliyepita. Nikauliza kama shangazi ameagiza vyote hivi. Akasema shangazi hajaagiza kitu, ila mkono mtupu haulambwi. Katika mfuko wa mwisho, chini ya kanga, nikaona mfuniko wa bluu.

"Hii nayo inakwenda wapi?"

"Plamsi kwenye mfuko zitabondeka."

Tukawa watatu.

Kituo cha mabasi cha Mbezi, saa kumi na moja alfajiri, ni mahali pa kupima imani. Kijana wa kwanza alininyang'anya mkoba akisema basi letu liko kushoto. Wa pili akamnyang'anya wa kwanza, akasema liko kulia. Tiketi ninayo mkononi, imeandikwa namba ya basi kwa wino mweusi, hakuna aliyetaka kuisoma. Tulipofika kwenye basi lenyewe, konda akanusa. "Mzee, huyu papa analipiwa." Nikamlipia. Kwa hiyo kulingana na rekodi za kampuni ile, ambayo nitaiacha bila jina, fungate letu lilikuwa na abiria wawili na samaki mmoja.

Hapa lazima niungame kasoro yangu. Nilifundisha historia shule za sekondari miaka 33, na tangu nistaafu sina darasa. Nikikaa dirishani, nchi inanipita yote ina tarehe, nami siwezi kunyamaza. Mke wangu naye akikaa dirishani, nchi inampita yote ina bei. Tukapita Chalinze, tukapita Msata, tukavuka Wami kwa daraja jipya. Mimi nikaanza kueleza lile la zamani, jembamba, la gari moja moja, lililojengwa enzi za Mwingereza, jinsi mabasi yalivyokuwa yakingojana kila upande. Mke wangu akavuta pumzi ya huzuni. Ndiye mtu pekee ninayemjua anayelililia daraja lile, maana kwake yeye gari lililosimama ndilo gari linalokwenda vizuri.

Mkata akafungua dirisha, akauliza bei ya machungwa. Hakununua. Kabuku akauliza. Hakununua. Michungwani, ambako jina limeshamaliza maelezo, akauliza vijana watatu tofauti, akamkaripia mmoja, akafunga dirisha.

"Unataka machungwa nikununulie?" nikasema.

"Tutanunua wakati wa kurudi. Sasa hivi naangalia tu."

Mtafiti huyo. Vyuo vikuu vinakosa watu.

Korogwe basi likasimama watu wachimbe dawa na wale. "Dakika ishirini!" konda akapiga kelele, kwa sauti ya mtu anayejua zitakuwa kumi na tano. Mle hotelini kulikuwa na pilau. Niliiona kupitia mlangoni, iko kwenye sinia, nyama imekaa juu yake kama bwana harusi. Nikaanza kwenda. Mkono ukanishika shati.

"Nimeamka saa tisa usiku kukukaangia chapati."

Hotipoti likafunguliwa. Chapati sita na mayai ya kuchemsha manne, vikiwa baridi vilevile kama ndoa ya watu wengine. Nikala nimesimama kando ya basi, nikiwatazama watu wasio na wake wanaokula pilau. Tena naomba nieleweke: sina neno na chapati za mke wangu. Neno langu ni kwamba mwanamke huyu haoni tabu kununua nusu ya mkoa wa Tanga kwa ajili ya ndoo ya jirani, lakini sahani moja ya pilau ya mumewe ni ubadhirifu.

Nikaaga kwamba nakwenda kuchimba dawa. Nyuma ya hoteli kulikuwa na jiko la mkaa na kijana mwenye mishikaki. Nilikula mitatu kwa kasi ambayo daktari wangu asingeifurahia, nikapangusa mdomo kwa kitambaa, nikarudi kwenye siti nikinuka moshi na ndimu kutoka utosini mpaka kiatuni. Nikasubiri hukumu. Mke wangu akanusa mara moja, mara ya pili, akakunja uso.

"Huyu papa," akasema, "joto limemzidi."

Ni mara ya kwanza samaki yule kunifaa. Nikamsamehe nauli yake.

Baada ya Korogwe mkonge ulitanda pande zote mbili, mistari minyoofu mpaka inachosha macho, na mimi tumbo limetulia, nikaona huu ndio wakati. Nikamweleza mke wangu kwamba mmea huu si wa kwetu, uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani aliyeitwa Richard Hindorf. Kwamba aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, ikavuka bahari mpaka huku, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Na kwamba mashamba makubwa yaliyokuja kuifanya nchi hii mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani yalianzia kwenye miche hiyo 62. Nilikuwa nimefika mahali pazuri. Darasani hapo ndipo nilikuwa nanyamaza kidogo ili iwaingie.

"Aliifungia kwenye nini?" akauliza.

"Nini?"

"Hiyo miche. Elfu moja ikafika sitini na mbili, si alifunga vibaya? Angeweka kwenye ndoo."

Mombo tukaiacha barabara kuu, tukaanza kupanda. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni zaidi ya kilomita 30 za kona, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili hakuna kitu. Basi linainama kushoto, linainama kulia, na kila likiinama kuna mama anataja jina la Mungu na kijana anayejifanya analala. Kwenye kona ya tano au ya sita nikasikia kitu kinabingirika sakafuni. Kilitoka chini ya siti yetu, kikateremka katikati ya basi taratibu, kikifikiri, kikafika nyuma, kikagonga kitu. Kona iliyofuata kikarudi, safari hii kwa haraka, kikaenda moja kwa moja mpaka kwenye kifundo cha mguu wa konda.

"Nazi ya nani hii?"

Basi zima kimya. Mke wangu akawa anatazama maporomoko ya Soni, ambayo bado hatukuwa tumeyafikia. Mimi nikaangalia paa. Konda akaiinua ile nazi, akaipeleka kwa dereva, na sijui kilichoipata. Shangazi alipata nazi tisa.

Maamkizi ya Kisambaa hayana haraka. Ukifika umechoka, kaa chini, maana utaulizwa habari za nyumba, za watoto, za shamba, za mifugo, na ukisema shamba huna utaulizwa kwa nini. Mimi lugha hiyo nasikia moja kwa kumi, kwa hiyo kazi yangu ni kutabasamu na kusema "ehee" pale sauti inapopanda. Shangazi, mtu wa miaka themanini na kitu, mgongo umenyooka kuliko wangu, alimpokea papa kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto wa ubatizo. Kanga alizishika, akazinusa, akaziweka kando. Sukari akaiangalia. Kisha akaiona ndoo. Akamuuliza mke wangu jambo, mke wangu akajibu kirefu, nikasikia "Neema" mara mbili na "Kyela" mara moja, na shangazi akatikisa kichwa kwa uzito wa mtu aliyepewa taarifa ya ugonjwa. Akaniambia mimi kwa Kiswahili, taratibu ili nielewe: "Mwanangu, wiki tano. Hamkuona haya?"

Usiku tulikula makande, tukalala chini ya mablanketi matatu. Sweta la Baba Neema sikulivua. Ndoo ililala chumbani kwetu.

Kesho yake nilisema kwa sauti ya mwenye nyumba kwamba fungate ni fungate, leo tunatembea wawili. Tukaenda Lushoto mjini. Mji ule Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao, na ukiona mapaa yale ya vigae unaelewa kwa nini walijisahau wakadhani wako kwao. Nikampeleka mke wangu hotelini, tukakaa meza ya dirishani, nikamwambia mhudumu, binti mpole aliyevaa koti la kiume, atuletee pilau mbili.

"Pilau ni Ijumaa, baba."

Ilikuwa Jumapili. Tukaagiza kuku wa kienyeji. Binti akatoka nje. Baada ya muda tukasikia mbio uani, mbawa, kitu kikianguka, na mtu akisema "mshike huko!" Mke wangu akatazama saa, akasema kwa hesabu yake tuna saa moja na nusu, akatoka kwenda sokoni. Nilikaa peke yangu mezani kwenye fungate langu nikisikiliza chakula changu kikijitetea. Aliporudi kuku alikuwa amefika, na mke wangu akamwita yule binti akamuuliza ametiwa nini, ametiwa lini, na kwa nini hakutiwa tangawizi mapema. Mwisho wakabadilishana namba za simu.

Sokoni alikuwa amekwenda kuangalia tu.

Jioni tukapanda bodaboda kwenda Irente. Kijana alikuwa mmoja na pikipiki moja, kwa hiyo tulikwenda mshikaki: kijana, mke wangu, mimi, na katikati ya mke wangu na mimi, ndoo. Niliuliza kwa nini ndoo inakwenda kutazama mandhari. Sikujibiwa kwa sababu ya upepo.

Kule Irente dunia inakatika ghafla. Unasimama juu ya mwamba na chini kabisa, mbali kiasi cha kukutia kizunguzungu, iko Mazinde, mashamba ya mkonge yamechorwa kama daftari la mistari, barabara kuu ni uzi, mabasi ni mchwa, na nyuma yake nyika ya Wamasai inakwenda mpaka inageuka kuwa ukungu. Nilinyamaza. Mke wangu naye akanyamaza. Nikasema moyoni, hapa sasa, hapa tumefika. Akatoa simu.

"Mama Neema! Unanisikia? Mtandao huku unashika kuliko Tabata! Ngoja nikuonyeshe."

Akamwonyesha Mama Neema nyika yote, na Mama Neema akaisifia. Kila kitu kilionyeshwa isipokuwa ndoo, ambayo niliamriwa niifiche nyuma yangu.

Simu ilipokatika nikaamua kuiokoa jioni ile kwa njia ninayoijua. Nikamsimulia Mbegha. Najua ni hadithi ya kwao, lakini mimi nimeisoma katika Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, na yeye ameisikia tu, hivyo nilijiona nina haki. Nikaanza: mwindaji kutoka Nguu, aliyekataliwa na ndugu zake kwa kuwa alikuwa kigego, meno ya juu yalimtangulia kuota, akatangatanga na mbwa wake mpaka akapanda milima hii.

"Alipofika kwa Wasambaa alifika na nini?" akanikatiza.

"Na mikuki yake na mbwa."

"Na nini tena?"

"Na nyama. Aliwagawia nyama ya mawindo."

"Nao wakampa nini?"

"Wakampa vyakula vya mashambani mwao."

"Na mwisho wakampa nini?"

Hili ni swali ambalo nimelisahihisha kwa wino mwekundu mara zisizo na idadi. "Ufalme," nikasema.

"Basi shika ndoo vizuri, usije ukaiangusha huko bondeni."

Njiani kurudi tukasimama kwenye shamba la mtu anayefahamiana na shangazi. Plamsi zilikuwa bado mtini, nyekundu zenye vumbi la samawati, na mke wangu akazichagua moja moja kama anayechagua mkwe. Kila iliyopita mtihani iliingia ndooni. Kila iliyobondeka nilipewa mimi. Huu ndio mpango wetu wa kudumu, nami sijui ulitiwa saini lini: ndizi iliyopasuka, embe lililoguswa na ndege, andazi lililoungua upande, ukoko wa chini, vyote ni vya Baba Rehema. Nilikula plamsi kumi na nne za aina hiyo nimekaa juu ya jiwe, jua linazama. Zilikuwa tamu kupita kiasi. Sikumwambia, asije akaanza kuziweka ndooni.

Jumatatu tukaondoka. Tulipanda na mizigo minne, tukashuka na tisa. Shangazi alikuwa ametoa viazi gunia la nusu, kabichi nne, maharage, mfuko wa pichi, mapeasi, na jogoo. Jogoo alitiwa kwenye boksi la sabuni lililotobolewa matundu, akawekwa miguuni kwangu. Nilisema kwa kifupi kwamba jogoo wanauzwa Tabata. Wanawake wawili wakanitazama, mmoja wa miaka themanini na kitu, nikapanda basi.

Korogwe basi likasimama. Nikaiona ile pilau. Safari hii hakukuwa na hotipoti, na mke wangu mwenyewe akasema, "Nenda kale, baba, umekonda." Nilikuwa nimeshanyanyuka nusu.

"Ila nenda naye, joto hili litamwua humu ndani."

Wewe jaribu kuingia hotelini na jogoo hai kifuani, uagize pilau. Mhudumu alidhani namuuza. Mteja mmoja akaniuliza bei, na ninaungama nilifikiria. Nilipopata mahali pa kumweka, akatoka boksini, na dakika kumi zilizobaki nilizitumia chini ya meza za watu nikisema "samahani, samahani." Konda alipopiga honi nilikuwa nimemshika mguu. Pilau sikuionja. Jogoo alipofika Segera aliwika, saa nane mchana, na basi zima likacheka isipokuwa mimi.

Michungwani utafiti wa mke wangu ukazaa matunda, kwa maana zote. Alimjua kijana anayemtaka kabla basi halijasimama, alimjua na bei yake ya mwisho, akachukua nyavu nne kupitia dirishani huku akimwonyesha ipi ina chungwa bovu katikati. Akampa noti ya elfu kumi. Basi likaondoka. Chenji ikabaki. Yule kijana akakimbia kandokando, ndara moja ikamtoka, akakunja noti akaitia ndani ya chungwa alilolikata nusu, akairusha. Ilipita dirishani ikanipiga shavuni. Mke wangu akaipangusa noti, akaihesabu, akasema, "Mtoto mwaminifu sana." Nusu ile ya chungwa nikapewa mimi, kwa kuwa ilikuwa imebondeka.

Mbezi tulifika usiku. Dereva wa bajaji akazunguka mizigo yetu mara mbili. "Mzee, mnahama?"

Kesho yake mke wangu akatoa daftari. Viazi kwa mama mkwe wa Rehema. Kabichi kwa mwalimu wa kwaya. Machungwa kwa nyumba saba. Maharage kwa fundi cherehani ambaye mwaka jana alituletea dagaa wa Kigoma, mimi nimeshamsahau, daftari halijamsahau. Jogoo alikwenda kwa kaka yake wa Kimara, na sikwenda kumuaga. Saa kumi jioni nyumbani kwetu palibaki nyavu tupu na majani ya kabichi.

Kisha ikaja zamu ya ndoo. Akaifuta, akapanga plamsi juu ya majani, nyekundu zikiwa juu, akafunga mfuniko. Haukufungika. Akatoa chache, akajaribu tena. Akatoa nyingine. Zile alizozitoa zilikuwa nyingi mno kuachwa na chache mno kupelekwa mtaa mwingine, na mimi nilikuwa nimeshanyosha mkono kuzipokea.

"Ngoja," akasema. Akaenda uani akarudi na beseni letu la kijani.

"Hapana," nikasema. "Mama Rehema, beseni letu lisiende kule."

"Ni beseni tu."

"Hujui unachofanya. Ndoo itakuwa imerudi. Tutakuwa tumemaliza. Ukipeleka beseni..."

Lakini alikuwa ameshamwita binti wa jirani. Ndoo ikaenda, beseni likafuata, na juu yake sweta la Baba Neema, limefuliwa, limekunjwa, lina pichi mbili kila mfuko.

Hiyo ilikuwa kabla ya Krismasi. Juzi nilimkuta Baba Neema kibarazani kwa muuza kahawa, amekaa peke yake, kikombe kimepoa. Akaniambia Jumamosi wanasafiri kwenda Mwanza, yeye na mama. Nikamuuliza kuna nini Mwanza. Akatazama huku na huku.

"Ameniambia tunakwenda kupumzika," akasema. "Ila nimeona beseni kwenye mizigo."

Tukakaa kimya. Nilikumbuka sato, nikakumbuka dagaa, nikakumbuka kwamba furu wakikaushwa vizuri wanafika Tabata bila tatizo, na kwamba wali wa Kyela umekwisha lakini hamu haijaisha. Nikajiona mnafiki. Nikamlipia kahawa.

"Bebeni na papa mkavu," nikamwambia.

Hakunielewa. Ataelewa wakifika Singida, akishaona kuku.